Darasa la mapishi Italia bila gari: Toscana, Bologna au Sorrento?

Zuhura_Tanga
Wanajamvi, habari za jioni. Mwezi wa kumi mimi na mama yangu tunakwenda Italia siku tisa kujifunza tambi za mkono. Hakuna anayeendesha gari kati yetu, na mama ana miaka 64, ngazi zinamtesa goti. Nina chaguo tatu: nyumba ya shambani Toscana yenye darasa palepale, Bologna mjini, au Sorrento kule kusini. Shamba ndilo lililonivuta moyo. Nguruwe na pombe hatugusi. Mliofika huko, naombeni ushauri.

Mkaazi_Emilia
Dada Zuhura, naishi huku mwaka wa 11 sasa. Shamba bila gari litawafunga miguu. Mengi yako vilimani, mbali na stesheni, na basi likiwepo linapita mara chache, Jumapili ndiyo usahau. Darasa likiisha mchana hamna pa kwenda.

Bologna ni njia panda ya reli. Treni ya kasi kutoka Firenze ni kama dakika 40, Milano saa moja na ushei, Roma saa mbili na ushei. Uwanja wa ndege una kitreni chake, Marconi Express, kinachofika stesheni kuu kwa dakika kama 7. Katikati ya mji ni tambarare, na njia za waenda kwa miguu zina paa, wenyewe huziita portici, kilomita nyingi mfululizo. Mvua za mwezi wa kumi zitawakuta mmekauka. Siku isiyo na darasa, mnapanda treni ya kawaida nusu saa hivi hadi Modena kuonja siki ya balsamiko inayokaa kwenye mapipa miaka 12 na zaidi.

BabaNasra
Naunga mkono hilo la shamba, yalinikuta. Mwenyeji alitupokea stesheni siku ya kwanza tu. Baada ya hapo teksi ilitoka mjini kutufuata, tunalipia kuja na kurudi, euro 45 kila safari. Mke wangu alilipenda lile jiko mpaka leo analitaja, lakini siku tatu nzima hatukutoka.

Ila Toscana usiifute yote. Itazame Lucca: stesheni iko nje kidogo tu ya kuta za mji wa kale, ndani ni tambarare, na kutoka Firenze ni kama saa moja na dakika 20. Siena iache, stesheni iko bondeni na mji uko juu.

Bi_Mwanakheri
Mwanangu, nenda Bologna. Mimi nilikaa siku nne kwa sfoglina, ndivyo wanavyoitwa akina mama wanaosukuma tambi. Yai moja kwa gramu 100 za unga, maji hakuna. Unakanda mpaka donge liwe laini kama ndewe la sikio, unalipumzisha nusu saa, kisha unalisukuma kwa kifimbo kirefu, karibu mita moja. Mkono uliozoea chapati unajua pa kuanzia, lakini huku hutakiwi kuacha unene. Wenyewe husema ukiinua lile donge lililosukumwa jembamba uione San Luca, kanisa lao la mlimani, kupitia kwake. Yangu siku ya kwanza ilitoboka mara mbili, ya tatu nikaona kivuli cha vidole vyangu upande wa pili. Nilifurahi kama mtoto.

Sasa sikiliza hili la chakula. Tortellini za pale, zile tambi ndogo zinazojazwa, ndani ni nguruwe, na ragù, mchuzi wao wa nyama, mara nyingi hutiwa pancetta, nayo ni nguruwe vilevile. Kabla hujalipa, waandikie mfanye tortelloni, zile kubwa zaidi, za jibini ya ricotta na tagliatelle, tambi ndefu bapa, za mchuzi usio na nyama. Jibini ya Parmigiano nayo hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, mjue mapema muamue wenyewe.

Pwani_Napoli
Sorrento ni pazuri na malimau yake hayana mfano, lakini kwa goti la mama siwashauri. Treni ya kutoka Napoli ni zaidi ya saa moja, husimama kila kituo na hujaa mno. Kushuka baharini ni ngazi, na mwezi wa kumi boti za kwenda Amalfi, mji wa pwani jirani, zinapungua. Kama mama anapenda ladha za kwetu, siku nyingine mpeleke Palermo. Soko la Ballarò lina kelele na harufu za soko la pwani, na biringanya zao za caponata zina uchachu na utamu pamoja.

Mkaazi_Emilia
Nyongeza: tiketi ya karatasi ya treni ya kawaida igongeni muhuri kwenye kimashine cha stesheni kabla ya kupanda, la sivyo mnapigwa faini. Za treni ya kasi nunueni mapema, bei hupanda.

Zuhura_Tanga
Mungu awalipe. Tumeamua: Bologna usiku sita, Lucca mbili. Mama nimemsomea hapo kwa Bi Mwanakheri, anauliza kama anaweza kwenda na kifimbo chake cha mvule.

Bi_Mwanakheri
Aje nacho, ila akiweke kwenye sanduku la mizigo, asikishike mkononi. Cha kule atakikuta kirefu mara mbili.