Boga Lako Lina Maji, Mwanangu

Kikundi: SIE SOTE (Wete ya Pemba, Muscat, Columbus, Toronto)

JUMAMOSI

Maryam (Columbus): Asalaam alaykum jamaa. Mama, shkamoo. Jana usiku nimeoka mkate wa boga, ule wanaoula huku majani yakianza kupukutika. Umepanda vizuri, umepasuka juu kama unavyotakiwa. Dakika kumi baada ya kuutoa kwenye oveni umezama katikati kama dau lililoingia maji.

Maryam (Columbus): [picha]

Khadija (Wete): Waalaykum salaam. Shkamoo shangazi. Pole. Mbona rangi yake nzuri?

Maryam (Columbus): Marahaba mwanangu. Rangi nzuri, ndani mbichi. Kisu kimetoka na uji. Na Jumatatu Idi anatakiwa apeleke kitu skuli, darasa lao lina sherehe ya mavuno. Kashawaambia wenzake kuwa mama yake ataoka mkate wa boga kwa viungo vya kwa bibi yake Pemba. Mwalimu kauandika ubaoni.

Kaka Seif (Muscat): Waalaykum salaam. Viungo vya Pemba na mkate wa Kimarekani vinakutana wapi?

Maryam (Columbus): Vinakutana hasa, kaka. Huku kuanzia Septemba kila duka linanukia kile wanachokiita viungo vya boga. Jina lilinipoteza miaka. Nilidhani ni boga lililokaushwa likasagwa. Siku moja nikageuza kichupa nikasoma: mdalasini, tangawizi, kungumanga, karafuu, na zile punje za Jamaica zinazofanana na pilipili manga kubwa. Boga hamna hata chembe. Ni viungo vya kutia kwenye boga. Kampuni ya viungo ya McCormick ilianza kuviuza pamoja kwenye kopo moja mwaka 1934.

Mwanaisha (Toronto): Halafu Starbucks wakaja na kahawa yao ya viungo hivyo mwaka 2003, ndipo kila mtu akavijua. Boga lenyewe wakalitia kwenye kahawa mwaka 2015.

Khadija (Wete): Kwa hiyo ni viungo vya chai, iliki tu haimo?

Maryam (Columbus): Ndivyo. Siku ya kwanza kukifungua kile kichupa nilisimama jikoni nikaiona veranda ya Mama.

Khadija (Wete): Bibi kaamka, kasali, anataka kusema. Namshikia simu.

Mama (Wete): [sauti, dakika 1:40]

Khadija (Wete): Naandika kwa walio kazini. Bibi anasema: marahaba mwanangu, Mungu akuweke. Huo mkate usiulaumu unga wala oveni. Boga lako lina maji. Anauliza, boga gani hilo, na ulilipika vipi?

Maryam (Columbus): Mama, ni boga kubwa la rangi ya chungwa tulilolichuma shambani na Idi wiki iliyopita. Huku watu huenda na watoto, mnapanda gari la majani makavu linavutwa na trekta, mtoto anachagua lake. Nililikata vipande, nikalichemsha, nikaliponda, nikatia kwenye unga.

Mama (Wete): [sauti, sekunde 22]

Khadija (Wete): "Nani kakufunza kuchemsha boga kwa maji? Mie?"

Maryam (Columbus): Hapana Mama. Nilikuwa na haraka.

Mwanaisha (Toronto): Da Maryam, na boga lenyewe silo. Yale makubwa ni ya kuchonga macho na meno ya sikukuu ya Halloween, tarehe 31 Oktoba. Yameoteshwa yawe makubwa na yasimame vizuri barazani. Nyama yake ni nyuzi na maji, utamu haba. Ya kupikia ni yale madogo, yanaenea kwenye viganja viwili. Au chukua butternut, lile refu lenye shingo. Mie huku Canada sikukuu yetu ya mavuno imeshapita, iko Jumatatu ya pili ya Oktoba, nikafanya kwa butternut na mkate haukuzama.

Maryam (Columbus): Na la kopo?

Mwanaisha (Toronto): La kopo ni zuri, halina aibu. Lile la Libby's husindikwa Morton, jimbo la Illinois. Na boga linaloingia mle silo hili la mviringo la rangi ya chungwa. Ni refu, ganda lake la hudhurungi hafifu, jamii moja na butternut. Mie nilipoliona picha nikasema hili mbona nalijua.

Khadija (Wete): Bibi kaiangalia picha uliyotuma Da Mwanaisha. Kasema hilo ndilo boga, hayo mengine ni mapambo.

Maryam (Columbus): Basi nakwenda kununua madogo mawili. Mama, nifanye vipi toka mwanzo? Idi kakaa pembeni yangu na daftari.

Mama (Wete): [sauti, dakika 3:15]

Khadija (Wete): Hii naiandika taratibu maana ndiyo yenyewe.

Khadija (Wete): Boga lipasue nusu kwa nusu. Mbegu zitoe, usizitupe, zioshe uzikaange kwa chumvi, Idi atazitafuna. Usilimenye. Lilaze kifudifudi kwenye trei, liingie ovenini bila tone la maji, liive kwa mvuke wake mwenyewe mpaka uma uingie kama kwenye siagi. Chota nyama, iponde. Sasa itie kwenye kitambaa safi kama unayekamua nazi, funga, ning'iniza juu ya bakuli, kaendelee na shughuli zako. Ukirudi utayaona maji. Yale ndiyo yaliyouzamisha mkate.

Khadija (Wete): Halafu lirudishe kwenye sufuria, moto mdogo, koroga. Pitisha mwiko chini ya sufuria. Njia ikifungika hapo hapo, bado. Njia ikikaa kidogo ndipo ifungike, epua. Liache lipoe kabisa kabla halijaonana na mayai.

Maryam (Columbus): Mama nakuona kabisa unavyopitisha mwiko. Ndivyo ulivyokuwa ukifanya boga la nazi la futari, tui likishashika.

Kaka Seif (Muscat): Lile boga la futari. Niko ofisini, msinifanyie hivi.

Khadija (Wete): Bibi anauliza, viungo umetia vipi?

Maryam (Columbus): Nilitia kichupa cha dukani, cha tangu mwaka jana. Kilikuwa hakinuki nikazidisha, vijiko vitatu. Mkate ukawa na uchungu.

Mama (Wete): [sauti, sekunde 48]

Khadija (Wete): Bibi kanyamaza kwanza. Halafu kasema: "Na lile kopo nililokufungia Julai?"

Maryam (Columbus): Lipo Mama. Naliweka kwa pilau ya wageni.

Khadija (Wete): "Idi ni mgeni wa nani? Lifungue." Anasema kiungo kikishasagwa kinaanza kutoa roho siku ile ile, sembuse mwaka. Karafuu nzima ukiibana kwa kucha ikakutoka mafuta, hiyo hai. Isipotoa mafuta umenunua vijiti. Kwa mkate mmoja chukua karafuu tano, sita ukipenda sana. Ya saba inautia ulimi ganzi, nao mdalasini hausikiki tena. Kungumanga usiisage, ikwaruze papo hapo, robo ya kokwa inatosha. Tangawizi iwe kavu, mbichi ina maji na maji ndiyo tunayoyakimbia.

Maryam (Columbus): Mdalasini wako na wa huku si kitu kimoja, Mama. Wa huku mwingi ni kasia, gome nene, gumu kama kuni. Wako unavunjika kwa vidole, uko tabaka tabaka.

Kaka Seif (Muscat): Idi akiulizwa skuli aseme vizuri. Karafuu asili yake visiwa vya Maluku, kule Indonesia. Ikaja kwetu mwanzoni mwa karne ya 19, Sultani Seyyid Said akahimiza ipandwe Unguja na Pemba. Mwaka 1872 kimbunga kikaiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, ya Pemba ikasalimika, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu. Na asisahau kuwa mashamba yale yalilimwa na watumwa. Hilo nalo aliseme.

Maryam (Columbus): Kaandika yote kaka. Kisha kauliza: je, majira haya ya majani kuanguka kwa Kiswahili yanaitwaje? Kitabu chake kinasema vuli.

Khadija (Wete): Bibi kasema vuli ni mvua. Vuli ndiyo inayomtisha sasa hivi, karafuu zake ziko juani siku ya tatu, na leo asubuhi wingu limekaa upande wa Konde.

Kaka Seif (Muscat): Wengine huandika mapukutiko. Mie nalipenda zaidi, mtu anayaona majani.

Maryam (Columbus): Kaandika yote mawili. Chini yake kaandika: "Vuli ya Bibi ni mvua, vuli yangu ni majani." Sikumwambia mie, kaandika mwenyewe.

Mwanaisha (Toronto): Masha Allah. Hicho kipande kihifadhi.

JUMAPILI

Maryam (Columbus): Boga limening'inia usiku kucha. Bakuli lina maji karibu kikombe kizima, na haya ni maboga madogo. Lile kubwa sijui lingetoa ndoo.

Maryam (Columbus): Khadija, uliomba vipimo. Unga kikombe kimoja na robo tatu, kama gramu 220. Boga lililokauka kikombe kimoja. Sukari kikombe kimoja, mie nimetia nusu nyeupe nusu ya kahawia. Mafuta nusu kikombe, mayai mawili, magadi soda kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu kijiko. Mdalasini uliosagwa kijiko kimoja na nusu, tangawizi nusu kijiko, karafuu na kungumanga kama alivyosema Bibi. Vya majimaji changanya peke yake, vikavu peke yake, kisha kutanisha kwa mwiko. Unga mweupe ukishapotea, acha. Ukiendelea kukoroga mkate unakuwa kama mpira. Oveni nyuzi 350 za huku, kwenu kama 175. Saa nzima. Chomeka kijiti katikati, kikitoka kikavu toa.

Khadija (Wete): Ahsante shangazi. Bibi anauliza kama tui zito linafaa badala ya mafuta.

Maryam (Columbus): Sijajaribu, lakini naona litafaa, ila apunguze mkono, tui nalo lina maji.

Khadija (Wete): Kacheka. "Ananifunza maji ya nazi!"

Maryam (Columbus): Nisamehe Mama.

Maryam (Columbus): Nimesaga karafuu kwenye kinu kile kidogo. Jirani wa juu, bibi mmoja wa hapa hapa Ohio, kateremka kubisha hodi kuuliza napika nini. Nimempa karafuu tatu mkononi. Kanusa, kakaa kimya, kasema maisha yake yote alidhani anaijua harufu hii.

Maryam (Columbus): [picha]

Mwanaisha (Toronto): Haukuzama!

Kaka Seif (Muscat): Tabarakallah. Tuonyeshe ndani.

Maryam (Columbus): [picha] Umeshikana, una unyevu wake, hauna uji. Nimekata kipande kimoja tu cha kujaribu, uliobaki wa skuli. Uchungu hakuna. Karafuu inakuja mwisho kabisa, ukishameza.

Khadija (Wete): Bibi kasema hapo ndipo pahala pake.

Khadija (Wete): Na hivi tazama alichofanya. [picha] Boga la uani, tui badala ya mafuta, na iliki kaongeza, kasema mkate bila iliki hauwezi. Hatuna oveni, kautia kwenye sufuria ya mkate wa mchele, makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Umeungua kidogo upande mmoja. Sisi wengine tumeshamaliza nusu.

JUMATATU

Maryam (Columbus): Idi karudi na sahani tupu. Kasimama mbele ya darasa, kaeleza Maluku na Pemba na kimbunga na watumwa, kapitisha karafuu mkono kwa mkono. Mtoto mmoja kaitafuna nzima kabla hajaambiwa.

Maryam (Columbus): Mama, kipande changu cha kujaribu nilikibakisha ncha. Leo ganda la juu limekauka vizuri. Sikiliza nikikata.

Maryam (Columbus): [sauti, sekunde 6]

Khadija (Wete): Kausikiliza mara tatu, simu sikioni. Kasema umelia kama unavyotakiwa. Kasema kinachobaki mwachie Idi.

Khadija (Wete): Narudi baadaye shangazi, wingu limeingia na matone yameanza. Bibi keshashika pembe moja ya jamvi.