Mrejesho: Binti yangu na kuzamia kwa mtungi, Malindi

Asanteni sana mlionijibu nilipouliza kama binti yangu wa miaka 10 ameiva kujifunza kuzamia baharini kwa mtungi wa hewa. Kwa umri anaruhusiwa: kozi ya vijana ya PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, huanzia miaka 10, ila hadi afike 12 hapiti mita 12, tena lazima awe na mzazi, mlezi au mwalimu. Lakini ule ushauri wenu wa kumtazama mtoto mwenyewe, si umri tu, ndio ulionifaa.

Tulianza na miwani na mrija, maji yamekupwa, ndani ya hifadhi ya bahari. Miwani ikaingia maji. Hakupaparika, aliinua kichwa, akayamwaga, akarudi kutazama samaki. Hapo moyo wangu ulitulia. Masikio ndiyo bado: anabana pua na kupuliza, ili kusawazisha shinikizo la maji masikioni, yakishaanza kuuma, na inatakiwa kabla. Tena nikimuuliza kwa nini mzamiaji hazuii pumzi akipanda, anajibu tu ndivyo alivyoambiwa. Nataka aelewe kwamba akipanda, hewa iliyo mapafuni hutanuka na yaweza kuyapasua.

Basi tunangoja kaskazi, maji yatakate. Daktari tutamwona kwanza, maana mafua hayamwachi.