Aliyedhurika na sumu ya nyuki, asali anaruhusiwa?

Mwana_Himo: Wakuu, mdogo wangu aliumwa na nyuki, akatoka vipele mwili mzima na kuhema kwa shida. Sasa nyumbani wamemkataza hata asali. Vinahusiana kweli?

Tabibu_Moshi: Pole, mkuu. Kwa kawaida havihusiani. Mzio wa kuumwa unatokana na protini za sumu, hasa fosfolipase A2. Mzio wa asali ni nadra, na huletwa zaidi na chavua au protini za tezi za nyuki. Kama amekuwa akila asali bila shida, mwacheni ale. Kinachotisha ni kuumwa tena. Apelekwe kwa daktari wa mzio, kwani kuhema kwa shida si jambo la kumeza piriton na kulala. Dawa ya dharura ni adrenalini, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja upande wa nje.

Mizinga_Arusha: Naongezea: mwiba ukwangueni papo hapo kwa ukucha. Msipoteze muda kutafuta kibano, kifuko kinaendelea kusukuma sumu. Asali ya kukamua kwa mkono hubaki na chavua na vipande vya nyuki, hivyo mwenye mzio wa chavua ya alizeti aiogope hiyo.

Mwana_Himo: Shukrani. Na kichanga cha miezi 8?

Tabibu_Moshi: Asilambe kabisa mpaka atimize mwaka 1. Hapo tunaogopa botulizimu, yaani sumu ya bakteria inayolegeza misuli; mzio haumo.