Naomba ushauri: chakula cha njiwa wa mashindano kabla ya safari ndefu

Wanajamvi, salaam. Ninafuga njiwa wa mashindano hapa Moshi, na ninaomba ushauri wa wazoefu kuhusu namna ya kurekebisha mchanganyiko wa chakula kadiri umbali wa kuruka unavyoongezeka. Kwa sasa ninawapa mahindi yaliyovunjwa, mtama, mbaazi, choroko na shayiri kidogo, takriban gramu 30 kwa kila njiwa kwa siku, na wanapoanza kuiacha shayiri ninajua wameshiba, hivyo ninaondoa chombo. Nikiwarushia Boma Ng'ombe, ambako ni karibu na hapa, wanarudi wakiwa na nguvu zao zote.

Shida ni nikiwarushia Same, ambako ni mbali zaidi. Wanafika nyumbani kifua kikiwa kimekonda hadi mfupa unachoma kiganja, na jioni hiyo wanadonoa mahindi tu huku mbaazi zikibaki chini. Kwa kuwa mafuta ndiyo nishati kuu ya safari ndefu, ninafikiria kupunguza jamii ya kunde na kuongeza alizeti na karanga siku mbili au tatu kabla ya kuwarusha, ila karanga zilizohifadhiwa na unyevu huweza kuwa na sumukuvu (na muuzaji, kama mjuavyo, hatakwambia).

Je, ninyi mnaongeza kiasi gani, na mnaanza lini? Je, alizeti peke yake inatosha? Na wanapopukutisha manyoya, mbaazi mnazirudisha kwa kiwango gani? Changarawe na maganda ya mayai wanapata kila siku.