Wapendwa naomba ushauri: ni sawa kutumia riwaya na falsafa wakati wa kuhubiri?

MwinjilistiZiwa
Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwinjilisti kwenye mtaa mmoja huku kanda ya ziwa. Juzi nilipangiwa 1 Samweli 1, habari ya Hana aliyekosa mtoto, nikawaza hawa watu wangu wengi ni Wakerewe na kuna riwaya ya kwao kabisa, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ya Aniceti Kitereza ambae alikuwa katekista huko huko Ukerewe, aliimaliza kwa Kikerewe 1945 ila kwa Kiswahili ikaja kutoka 1980. Basi nikasimulia vile ndugu wa mume wanavyomsema Bugonoka kwa kukosa mtoto mpaka wazazi wake wanamchukua, mume anamfuata ukweni anatozwa pombe ya ndizi ndo arudishiwe mke. Kina mama walitulia tuli, wengine wanafuta machozi. Hapo nikarudi kwa Elkana, mume wa Hana, anavyomuuliza "Je! mimi si bora kwako kuliko watoto kumi?", na hatuoni popote Hana akimjibu, tunamuona tu kwa Bwana analia.

Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa akaniita pembeni, akasema mimbari ni ya Neno peke yake, halafu nimeleta kitabu ambacho mwanamke anatibiwa na mganga. Huyo mzee namheshimu sana na sitaki kumkwaza, lakini pia nimeona masikio ya watu yalivyofunguka. Nyie wenzangu mnafanyaje? Mpaka uko wapi?

MamaMaombi
Mtumishi mimi niko upande wa mzee. Soma Wakolosai 2:8, inayotuonya tusitekwe na elimu ya bure ya wanadamu, halafu 1 Wakorintho 2 Paulo anasema kuhubiri kwake hakukuwa kwa maneno ya hekima ya kushawishi watu. Mtu ametoka kwake na ndoa inawaka moto, mtoto anaumwa, anakuja kanisani anaambiwa Plato kasema hivi Aristotle kasema vile, anarudi nyumbani na nini? Hata Jeromu, yule aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini, ameandika kwamba aliota yuko mbele ya kiti cha hukumu akaambiwa wewe ni wa Cicero (yule mwandishi wa Kirumi), si wa Kristo. Hilo lilimtisha na sisi litutishe.

Kijana_wa_Dodoma
Mama shikamoo, nakuelewa ila Paulo huyo huyo ndo alisimama Areopago kule Athene, Matendo 17, mbele ya wanafalsafa, Waepikureo na Wastoiko, akanukuu mtunga mashairi wao, "Maana sisi sote tu wazao wake". Ule mstari ni wa Arato, mshairi wa Kigiriki, na kwenye shairi lenyewe anasifiwa Zeu, mungu wao! Paulo akauchukua akauelekeza kwa Muumba. Na 1 Wakorintho 15:33, "Mazungumzo mabaya huharibu tabia njema", ni maneno ya Menanda mwandishi wa michezo ya kuigiza, tunayakariri tangu sunday school hatujui yametoka wapi. Ila angalia Paulo hakuishia kwa mshairi, alifika mpaka kwenye toba na ufufuo, na walipomcheka walimcheka kwa sababu ya ufufuo, sio kwa sababu ya shairi. Kwa hiyo Wakolosai 2:8 isome mpaka mwisho, "wala si kwa jinsi ya Kristo", ugomvi uko hapo.

Bin_Kisauni
Hujambo ndugu, mimi niko Mombasa. Mhubiri sura ya kwanza, ubatili mtupu, niliwahi kuusoma pamoja na beti za Al-Inkishafi, lile shairi la kale la Kiswahili, pale Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alia na majumba ya Pate, kisiwa cha huku pwani, yalokuwa na taa na watu sasa yamebaki popo na vifaranga vya ndege. Watu wa huku wameyaona magofu kwa macho yao, huna haja ya kueleza sana. Lakini nilisema wazi kwamba mshairi ni Muislamu na shairi ni la dini yake, sikumgeuza Mkristo baada ya kufa. Hilo nakuomba ulishike, ukimkopa mtu maneno mtaje na umuache awe yeye, majirani zetu pia husikia twasema nini kwenye spika.

Mch_Mstaafu
Wanangu, Agostino, yule mwalimu wa kanisa la kale, alisema vizuri kuhusu hili, kwamba kama Waisraeli walivyotoka na dhahabu ya Wamisri, Mkristo achukue kweli popote aikute aitumie kwa Injili. Mimi naongeza jambo moja, dhahabu ile ile ndiyo iliyotengeneza ndama waliyemwabudu na ndiyo iliyotolewa kwa ajili ya hema ya ibada. Mwinjilisti, huyo mganga usimruke, mzee amekuonyesha mahali penye mahubiri yenyewe. Kwenye benchi zako wapo waliokwenda kwa mganga usiku na Jumapili wakaja kanisani, na hawajawahi kusikia mtu akilitaja bila kuwatukana. Weka Bugonoka na Hana pamoja, onyesha kila mmoja alipeleka machozi yake wapi. Na kabla ya yote nenda nyumbani kwa huyo mzee, usimjibu kwa kupitia mimbari.

MamaMaombi
Hapo kwa waganga mchungaji umenigusa, maana hilo lipo na tunalifunika. Mimi bado nasema riwaya iwe fupi na andiko liwe refu, na andiko lisomwe kwanza watu wakiwa na Biblia mkononi.

MwinjilistiZiwa
Nashukuru sana, hasa Mch. na mama. Kweli nilianza na riwaya ndo nikasoma andiko, kumbe kwa mzee ilionekana kama Biblia imekuja nyuma. Jumamosi naenda kwake, nitambebea na kitabu tuisome wote hiyo sehemu ya mganga, yeye ni mzaliwa wa Ukerewe atakuwa anaijua hiyo hali kuliko mimi. Zamu yangu ijayo ni Luka 15, mwenye wazo la shairi la Kiswahili kuhusu mtoto aliyepotea aniandikie, ila fupi, mama asije akanigombeza tena.