Kifaa cha kufuatilia nyaya za simu na mtandao: toni ya analogi au dijiti?

Lebo_Zimefutika
Habari wakuu. Nataka kununua kifaa cha kufuatilia nyaya, kile cha vipande viwili: kimoja kinatuma toni, kingine ni probu ya kusikilizia upande wa pili. Jengo ni la ghorofa tatu, lina pointi kama 180 za nyaya za mtandao (Cat5e na Cat6), lebo zote zimefutika, na nyaya zinaingia raki moja zikiwa zimefungwa mafungu mafungu. Ipo pia kebo ya simu ya jozi 25, na nyaya chache zenye kinga ya foili. Seti ya analogi ninayotumia sasa inalia kwenye nyaya tano au sita kwa mpigo, na waya uliochomekwa kwenye swichi (kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao) hausikiki kabisa. Kosa ni la kifaa au la matumizi? Nihamie dijiti?

JoziNne
Ni yote mawili, mkuu, ila anza na namna ya kubana klipu, vile vibanio viwili vya mtumaji wa toni. Hata kifaa cha gharama kubwa hakifui dafu kama klipu zimebanwa vibaya.

Nyaya za jozi moja zimesokotwa ili mawimbi ya mmoja yafute ya mwenzake. Ukibana klipu nyekundu kwenye bluu na nyeusi kwenye nyeupe-bluu, toni inafika mwisho wa waya lakini haitoki nje ya ganda kwa nguvu. Kwa hiyo unapofuatilia njia ya waya darini au ukutani, usitumie jozi moja. Nyekundu iweke kwenye bluu, nyeusi kwenye waya wa jozi nyingine, mfano kahawia. Au nyeusi iende kwenye chuma kilichounganishwa na ardhi. Probu itaisikia toni ukiwa mbali na waya.

Nguvu hiyohiyo ndiyo inayokuponza ukifika kwenye raki, kwa sababu toni inarukia nyaya jirani katika fungu. Hapo geuza mbinu:

Rudisha klipu zote mbili kwenye jozi moja. Fungua fungu, tenganisha nyaya walau upana wa vidole viwili. Punguza sauti ya probu mpaka isikike kwa shida, halafu gusa ncha yake mwisho kabisa wa kila waya, kwenye meno ya plagi au ya paneli, si kwenye ganda. Ukipata waya unaolia kuliko wenzake, piga shoti jozi ile kwa bisibisi ndogo. Toni ikikatika ghafla, umeupata. Ikiendelea vilevile, unachosikia ni uvujaji wa jirani. Usibandike lebo kabla ya jaribio hili la shoti. Lebo ya uongo ni mbaya kuliko kukosa lebo.

Raki_42U
Kuhusu swichi: kila poti ina transfoma ndogo ndani. Kwa mawasiliano ya megahezi haina shida, lakini toni ya analogi iko karibu na hezi 1,000, na kwa masafa hayo koili ya mikrohenri 350 ina upinzani wa ohm 2 hivi tu. Yaani swichi imekupigia shoti jozi yako. Ukigawa klipu kwenye jozi mbili bado zinakutana kupitia vizuizi vya ohm 75 ndani ya poti. Dawa ni kuchomoa waya kwenye swichi kabla ya kutuma toni.

Kama mtandao hauruhusiwi kukatika, hapo dijiti inastahili pesa yake. Probu yake haifuati kila mvumo; inatambua ishara ya mtumaji wake tu, ndiyo maana haidanganywi na taa za chumba au umeme wa 50 Hz. Nyingine zina kazi ya kumulikisha taa ya poti kwa mpigo maalumu, unatazama tu taa ya poti ipi inawaka na kuzima.

Tahadhari moja. PoE (umeme unaopitishwa kwenye waya wa mtandao) ya kawaida huuliza kwanza kama kuna kifaa kinachostahili kabla ya kutoa volti 44 hadi 57. Ile isiyouliza, inayotoa volti 24 au 48 muda wote, inaweza kuunguza mtumaji wa toni. Pima kwa mita kwanza.

Lebo_Zimefutika
Asanteni sana. Jaribio la shoti sikulijua. Na zile za foili? Na kebo ya simu?

JoziNne
Foili inaifungia toni ndani. Kama unaweza, fungua kinga kutoka kwenye ardhi pande zote mbili, bana nyekundu kwenye ule waya mtupu unaoambatana na foili, na nyeusi kwenye ardhi. Kinga nzima inageuka antena. Kama haifunguki, usihangaike kuufuata njiani. Utafute kwenye ncha tu, pale nyaya zinapotoka nje ya foili. Kebo ya antena ya TV ni hivyohivyo: nyekundu kwenye kinga yake, si kwenye waya wa katikati.

Kwa jozi 25 huhitaji toni kwa kila jozi. Rangi kuu zinafuatana nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau. Kila moja inaoana na bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu. Jozi ya 1 ni nyeupe na bluu, ya 6 nyekundu na bluu, ya 25 zambarau na kijivu. Hakikisha jozi mbili tatu kwa toni, zilizobaki zihesabu. Laini hai ina volti 48 za DC, na simu ikiita inapanda hadi karibu 90 za AC, kwa hiyo usishike waya mtupu wala usitume toni kwenye laini ya mtu anayeongea.

Raki_42U
Uamuzi wangu kwa kazi yako: kama unaweza kuchomoa nyaya, analogi yenye kichujio cha mvumo wa umeme inatosha. Fluke Networks Pro3000 ina toleo la kichujio cha 50 Hz na la 60 Hz. Chukua linalolingana na umeme wa eneo lako, vinginevyo kichujio ni bure. Probu za analogi mara nyingi husikia mtumaji wa kampuni nyingine, za dijiti zinunue kama seti moja. Hakikisha ina plagi yake ya mtandao, RJ45: plagi ya simu ya RJ11 ukiisukuma kwenye soketi ya RJ45 hukunja meno ya pembeni, namba 1 na 8.

Kabla ya kulaumu waya, pima seti yenyewe. Bana klipu nyekundu kwenye waya wa mita mbili ulio wazi upande wa pili, nyeusi iende kwenye ardhi, kisha sogeza probu taratibu. Ikibidi ncha iguse waya ndipo ilie, badilisha betri zote mbili, ya mtumaji na ya probu.