Kuingiza bunduki ya upepo kwa mchezo wa shabaha: abebe abiria, itumwe kama kifurushi, au ipitie Kilindini?

Mlengaji_Tudor

Assalaam aleikum, wanajukwaa. Kwa miezi minane nimekuwa nikijifunza kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo ya kuazima, katika mchezo ule wa mita 10 ulioingia Olimpiki kule Los Angeles mwaka 1984, na sasa ningependa kuwa na yangu. Niliyoipata ni ya milimita 4.5, ya mtungi wa hewa iliyoshindiliwa, na muuzaji yuko Ujerumani. Bei tumeafikiana. Kinachonitatiza ni kwamba kila ninayemuuliza habari za forodha ana sheria yake. Wa kwanza aliniambia kuwa haitumii baruti, kwa hiyo huhesabiwa kama kifaa cha michezo, sawa na raketi. Wa pili alisema ni silaha kamili na nitakamatwa nayo. Wa tatu, jirani yangu ambaye namheshimu sana, alinishauri niifungue na kuileta vipande vipande kwa safari tofauti.

Njia ninazozipima ni tatu: shemeji yangu anayerudi kutoka Hamburg mwezi ujao aibebe hadi uwanja wa ndege wa Moi, muuzaji aitume kwa kampuni ya vifurushi, au iwekwe ndani ya kontena la vyombo vya nyumbani la rafiki yangu, litakaloshuka Kilindini. Naomba mnilinganishie, hasa mliokwisha kupitia huko.

Wakala_wa_Shimanzi

Wa aleikum salaam, ndugu Mlengaji. Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, na swali lako huja mezani kwetu mara nyingi kuliko unavyodhani. Nianze na huyo wa kwanza, kwa sababu kosa lake lina nusu ya ukweli. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, bunduki zinazotumia baruti za uwindaji na michezo ziko namba 9303, ilhali za upepo, za springi na za gesi ziko namba 9304. Forodha basi inazitenganisha kweli, lakini zote zimo ndani ya Sura ya 93, ambayo ni sura ya silaha. Raketi iko Sura ya 95. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali la Pili, inaziweka silaha na risasi za Sura ya 93 katika orodha ya bidhaa zenye masharti. Orodha hiyo si ile ya bidhaa zilizopigwa marufuku, na hapo ndipo wa pili naye alipokosea: kuingiza unaweza, ila kwa kibali.

Kibali hakitoki forodhani. Hutafutwa kwa Bodi ya Leseni za Silaha, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, na sheria hiyo haiulizi habari ya baruti. Inauliza kama kitu kina mtutu, kama kinafyatua risasi au kitu kingine cha kurushwa, na kama kinaweza kuua. Ofisi mbili zinakitazama kitu kimoja kwa maswali mawili tofauti, na anayejibu swali la moja tu ndiye anayewapotosha wenzake.

Kuhusu gharama, tukichukua thamani ya shilingi 100,000 pamoja na nauli na bima, na ushuru wa asilimia 25, utalipa 25,000 za ushuru, kisha VAT ya asilimia 16 juu ya 125,000, yaani 20,000, kisha ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya reli ya asilimia 2. Jumla ni 49,500. Hesabu hiyo haibadiliki sana kwa njia yoyote kati ya tatu ulizozitaja, kwa hiyo usichague njia kwa kutafuta nafuu ya kodi.

Bi_Kizingo

Kaka Mlengaji, mimi sikuagiza bunduki. Niliagiza makopo mawili tu ya chembe za kufyatulia, chembe 500 kila kopo, uzito wote kama nusu kilo tu. Muuzaji, kwa kunihurumia, aliandika kwenye karatasi ya kifurushi kwamba ni vifaa vya michezo. Kifurushi kilipopitishwa kwenye mashine kilionekana madoa meusi kama mtama uliomwagwa, na nikaitwa. Afisa, ambaye kwa kweli alikuwa muungwana, aliniuliza ni kitu gani, nami nikamjibu kwa Kiswahili changu kilekile: "Ni risasi." Nilimaanisha madini. Alivyoniangalia nikajua kwamba neno hilo moja lina maana mbili na mimi nimechagua mahali pabaya pa kulitumia.

Chembe hizo nazo zimo Sura ya 93, namba 9306. Kibali sikuwa nacho, makopo sikuyaona tena, na nauli niliyolipa haikurudi. Kilichoniuma zaidi ni kwamba maelezo yale ya huruma ndiyo yaliyofanya nionekane mtu wa kuficha. Kwa hiyo njia ya kifurushi naiweka ya mwisho: wewe hupo mzigo unapofunguliwa, maelezo ameyaandika mtu mwingine, na kampuni nyingi za vifurushi katika masharti yao hazipokei silaha kabisa.

Mwanasheria_Mtaani

Samahani, nina hoja tofauti kidogo. Bunduki hizi za mashindano hazina nguvu. Nchini Ujerumani, yenye alama ya herufi F ndani ya umbo la pembe tano, yaani ambayo nguvu ya mfyatuo wake haizidi jouli 7.5, mtu wa miaka 18 huinunua bila leseni. Uingereza kikomo cha bunduki ya upepo isiyohitaji cheti ni futi-pauni 12, takriban jouli 16. Ikiwa sheria yetu inazungumzia silaha yenye kuua, je, jouli 7.5 zinaua?

Wakala_wa_Shimanzi

Hoja ni nzuri, mwenzangu, na huenda wakili akaitetea vizuri mbele ya hakimu. Lakini mbele ya kaunta ya forodha haisaidii, kwa sababu afisa pale anasoma namba 9304 na kuuliza kibali. Zaidi ya hayo, jouli hizo ni za sheria za nchi nyingine. Wauzaji wa Ulaya humwambia mteja kwa nia njema kwamba leseni haihitajiki, na wanasema kweli kwa wateja wa mtaa wao.

Mstaafu_Likoni

Mwanangu Mlengaji, hilo la kontena liache. Mwenye kontena ndiye mwingizaji kwa mujibu wa makaratasi, na bunduki isiyotajwa ikionekana ndani, utakuwa umemtia rafiki yako mashakani kwa mchezo wako. Kifungu cha 200 cha sheria hiyohiyo ya forodha kinataja kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini ya nusu ya thamani ya bidhaa, au vyote viwili. Wakati huo jokofu lake na magodoro yake yanangoja bandarini, na ada ya kuhifadhi inahesabiwa kwa siku. Na huyo jirani mwambie kwamba vipuri vya bunduki vina namba yao, 9305, sura ileile.

Hewa_Bar200

Nami niongeze juu ya shemeji, kwa kuwa niliwahi kusafiri na timu. Mtungi wa bunduki hizi hujazwa hewa hadi shinikizo la bar 200, na ndegeni haupokelewi ukiwa umejaa. Hufunguliwa, humwagwa hewa yote, na ni vizuri kuuweka mahali mkaguzi atakapouona mara moja kwamba ni mtupu. Shirika la ndege lazima liarifiwe na likubali kabla ya siku ya safari, na akibadilisha ndege njiani, nchi hiyo nayo ina masharti yake. Hayo yote yanawezekana. Ila cheti cha silaha, yaani ruhusa ya kuimiliki, kina jina la mtu mmoja, na atakayesimama forodhani na sanduku mkononi ni shemeji, asiye na jina hilo. Kama ni abiria, basi abiria awe wewe mwenyewe, ukiwa na kibali mkononi. La sivyo, nunua kwa muuza silaha mwenye leseni hapa nchini, ambaye kuagiza na vibali vyake ni kazi yake. Utalipa zaidi na hutachagua mfano unaoutaka, lakini kwa bunduki ya kwanza mimi ningefanya hivyo.

Mlengaji_Tudor

Nawashukuru nyote, Bi Kizingo, pole kwa makopo. La kontena nimelifuta, na la kifurushi pia. Nimemwandikia muuzaji na kumweleza kwamba naomba cheti na kibali kwanza, naye amekubali kunishikia bunduki kwa miezi mitatu nikimtangulizia robo ya bei. Muda huo ukipita kabla sijapata jibu, nitarudi kwenye shauri la ndugu Hewa la kununua hapahapa. Shemeji naye nimemwagiza koti la kulengea na glavu ya mkono wa kushoto.